Mshiriki wa Arobaini

"Huyu wa arobaini ana sauti tamu," alisema mnukuzi, akivua hedifoni. "Ila mbona hapumui?"

Bi Kufuli aliweka kikombe chake mezani polepole, kwa sababu alijua jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Hapakuwa na mtu wa arobaini. Waliohojiwa walikuwa thelathini na tisa.

Jina hilo la Bi Kufuli alipewa na wenzake kwa tabia yake ya kufunga kila kitu, hadi droo ya biskuti. Alikuwa mtafiti mkuu wa kitengo kidogo chenye vyumba vitatu juu ya duka la vifaa vya ofisi, na kazi yake ilikuwa kuwauliza watu kama wanaamini kwamba mahali wanapofanya kazi panatunza siri: zao na za wateja. Safari hii waliwahoji wafanyakazi wa shirika moja la bima ya matibabu. Kila aliyekuja alifungiwa mlango, akapewa namba badala ya jina, akatia sahihi fomu ya ridhaa. Chini ya sahihi hiyo Bi Kufuli alitia yake, pembeni mwa maneno: *Naahidi kukutunzia siri.*

Basi watu wakafunguka. Walisema wakubwa hufungua mafaili ya magonjwa ya wateja na kuyacheka wakati wa chakula. Karani mmoja alilia hadi kinasa sauti kikazimwa: mimba yake ilipoharibika, ghorofa nzima ya tatu ilijua kabla mumewe hajajua. Ikijulikana nani kasema nini, wote wangekuwa mtaani kabla ya jioni.

Mkataba ulitaka watu arobaini. Wa mwisho, mlinzi wa lango, aliingiwa na hofu akakataa siku ya kufunga kazi. Ndipo Bi Kufuli, yeye aliyekuwa akiwafundisha wengine maadili ya utafiti kwa kidole juu, akachukua fomu tupu, akaandika namba arobaini, akachora sahihi ya kubuni, akatunga majibu kwenye karatasi tu, bila kurekodi sauti yoyote. Kwa mazoea tu, akatia na ahadi yake chini. Nani angejua?

Haya, sasa tuone nani alijua.

"Labda umechanganya mafaili, mama," alisema Bi Kufuli.

Mnukuzi, mama mtu mzima ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Masikio, alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Miaka kumi na tisa nasikiliza watu na kuandika wanachosema. Mimi nichanganye? Njoo usikie mwenyewe."

Wakasikiliza pamoja, kila mmoja na sikio moja. Sauti ilikuwa laini, haijulikani ya mwanamume au ya mwanamke, na ilirudia yale majibu ya kutunga neno kwa neno, hata pale Bi Kufuli alipokosea akafuta. Kisha ikasema: "Asante kwa kuniahidi. Sasa nipe majina ya wenzangu."

Chumba kikanuka nywele zilizoungua.

Walifuta rekodi ile. Asubuhi ilikuwapo. Wakaifuta tena, na saa saba mchana, jua likiwa limejaa dirishani na watu chini wakinunua kalamu na bahasha kama kawaida, ikaanza kujicheza yenyewe kwenye kompyuta iliyozimwa. Siku ya tatu droo zilianza kufunguka, moja baada ya nyingine, taratibu, kama zinazosukumwa na mkono ulio ndani, na Bi Kufuli akasimama katikati ya chumba akishika kifua chake, ambako alikuwa amechomeka karatasi moja tu iliyooanisha namba na majina, akisikia zile kufuli zake zote alizoziamini zikidondoka sakafuni, na ile harufu ikimzunguka shingoni, na ile sauti isiyo na pumzi ikimwambia sikioni, kwa upole mkubwa, kwamba maneno ya watu wale inayo tayari, imebaki majina, na akiyatoa itanyamaza, utafiti wake utasifiwa, na hakuna atakayejua kamwe kwamba wa arobaini alikuwa uongo.

"Na nikikataa?" alinong'ona.

"Sauti zao zinatosha. Nitazifungulia ukumbini."

Matokeo yalikuwa yawasilishwe keshokutwa, mbele ya shirika zima.

Mama Masikio hakungoja kuambiwa mara mbili. Alimleta kaka yake, mtaalamu wa majini, mzee mfupi mwenye mkoba wa plastiki. Mzee alizunguka chumba, akanusa, akaomba chai yenye sukari nyingi, akamsikiliza Bi Kufuli akikiri jinsi alivyomtunga wa arobaini, akaomba na kuiona fomu yenyewe. Alipoisoma akatikisa kichwa.

"Mwanangu, jini akivamia, mimi namtoa. Huyu hakuvamia. Ameandikishwa. Ana namba, ana ahadi, ana sahihi yako hapa. Nimfukuzeje mpangaji mwenye mkataba?"

"Niichane basi!"

"Ukiichana humu peke yako atakucheka. Uliwadanganya watu. Mfute mbele ya hao hao uliowadanganya."

"Mzee, nikifanya hivyo kazi yangu imekwisha. Miaka yote hii. Hakuna atakayeniajiri hata kufagia."

Mzee alimalizia chai yake. "Hilo sasa si la majini. Hilo ni lako."

Bi Kufuli alikasirika. Alimkasirikia mzee, akamkasirikia mlinzi wa lango, na mwisho, baada ya kuwamaliza wengine wote, akajikasirikia mwenyewe. Hasira hiyo ya mwisho ndiyo iliyomfaa.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Mkurugenzi wa shirika alikaa mbele, mtanashati, glasi ya maji mkononi. Wafanyakazi walipangwa nyuma yake. Safu ya tatu alikuwapo yule karani.

Bi Kufuli hajafika ukurasa wa pili, spika zikakohoa. Harufu ikashuka kutoka darini. Kisha sauti ya mwanamke ikaanza kutoka pande zote, ya chini, yenye machozi: "Nilipotoka hospitali sikuwa nimemwambia mtu..." Na karani akaitambua sauti yake mwenyewe, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, lakini sauti haikutoka mdomoni mwake, ilitoka ukutani, ikaendelea, ikataja ghorofa ya tatu, na jirani yake akaanza kugeuza kichwa, kidogo kidogo, na mwingine nyuma yake naye akageuka, na fundi wa mitambo akachomoa nyaya zote akabaki nazo mkononi huku spika zikizidi kuongea.

"Mshiriki wa arobaini hayupo!" Bi Kufuli alipiga kelele hadi koo likakwaruza. Vichwa vyote vikamgeukia yeye. "Nimemtunga mimi! Majibu yake nimetunga, sahihi nimechora, nyote nimewadanganya!"

Aliinua fomu juu. Karatasi ilikuwa ya moto, ikamchoma vidole. Spika zikaiacha sauti ya karani zikachukua ile laini: "Uliniahidi."

"Sikukuahidi wewe kitu! Uliuokota uongo wangu ukauvaa. Nauvua sasa hivi, mbele za watu. Toka!"

Akaichana. Mara ya kwanza ilitoka sauti kama kitambaa kizito kinachopasuliwa, mara ya pili taa zikazimika, mara ya tatu ukumbi mzima ulisikia kitu kikivuta pumzi, pumzi yake ya kwanza na ya mwisho, na vioo vya madirisha vikatetemeka. Kisha kimya. Harufu ilikuwa imekwenda. Karani alikuwa ameinama akijifanya anafunga kamba za viatu, na hakuna aliyekuwa akimtazama tena.

Mkurugenzi aliahirisha mkutano kwa utulivu wa ajabu. Akamchukua Bi Kufuli hadi chumba cha pembeni, akafunga mlango, akaweka glasi yake mezani.

"Spika mbovu zinaweza kuleta taharuki," alisema. "Mimi si mtu wa mambo hayo. Lakini umekiri kudanganya, dada yangu. Nikiandika barua moja tu, umekwisha."

"Iandike."

"Hakuna haja ya kufika huko. Mmoja ni wa uongo, sawa. Thelathini na tisa ni wa kweli, na wamesema mambo mazito juu ya shirika langu. Lazima nihakiki. Nipe majina, na hili la arobaini tulisahau."

Bi Kufuli alinyanyua pua akanusa. Sabuni. Manukato ya bei. Hakuna nywele zilizoungua, hakuna kitu. Alikuwa binadamu tu, aliyelala vizuri na kunywa chai asubuhi, na hapo ndipo alipoogopa kuliko siku zote, kwa maana huyu hakuwa na fomu ya kuchana.

Alitia mkono kifuani, akatoa ile karatasi. Ilikuwa imelowa jasho, imekunjwa mara nne. Mkurugenzi akatabasamu, akanyoosha kiganja.

Bi Kufuli akaitia mdomoni.

"Unafanya nini?"

"Nakula," alisema, shavu limejaa.

Alitafuna akimtazama machoni. Wino ulikuwa mchungu. Mkurugenzi alipiga hatua, akasita, akaita mlinzi, na yule yule mlinzi wa lango aliyekataa kuhojiwa alipofungua mlango akaona kinachotafunwa, alisimama pale pale kizingitini, hakumgusa. Majina ya mwisho yalimkwama kooni. Bi Kufuli akanyoosha mkono, akachukua glasi ya mkurugenzi, akayasukuma kwa maji yake yote.