Mayai Si Vitunguu Saumu

Kila asubuhi, kabla ya kukamua ng'ombe, Marieta alichungulia sanduku la mayai. Na kila asubuhi mume wake, Hermani, alimfukuza.

"Usiguse, Mama Letisia! Kitu kikishapandwa hakichokonolewi."

Marieta alinyakua ndoo ya maziwa akatoka kwa hasira. Kicheche alikuwa amekula karibu kuku wote wa uzao wa wale aliopewa na marehemu mama yake alipoolewa. Walibaki matetea wawili na jogoo mmoja tu. Yeye alitaka matetea waatamie wenyewe. Hermani akakataa. Akaleta kutoka Dongobesh sanduku la mbao lenye balbu ya kuyapa mayai joto, ati vifaranga watoke wengi kwa mpigo.

Hermani ni bingwa wa vitunguu saumu. Kwa kilimo hicho hapa Mbulu hakuna wa kumbishia. Basi na mayai aliyapanda vilevile: ncha juu, kwa mistari, yamekazwa ndani ya pumba za ngano. Hayakusogezwa hata siku moja.

Siku ya ishirini na mbili, katika mayai ishirini, walitoka vifaranga wawili. Mmoja miguu imepinda. Mwingine vidole vimejikunja. Wote wakafa siku hiyohiyo. Marieta alipasua mayai yaliyobaki, akakuta vifaranga wamegandamana na utando wa ganda.

"Sanduku ni bovu," alisema Hermani.

"Sanduku!" Marieta alifoka. "Sanduku ndilo lililonikataza nisiguse?"

Kama vile hiyo haitoshi, wiki mbili baadaye kicheche alirudi akaua matetea wote wawili. Walikuwa wameacha mayai kumi na manne. Sasa hakukuwa na wa kuyaatamia, na Hermani akayapanda sandukuni vilevile, ncha juu. Marieta hakumuuliza mtu. Alikwenda mwenyewe kumwita Rogathe, afisa mifugo wa kata.

"Shikamoo baba, shikamoo mama," alisalimia Rogathe, akifunua sanduku.

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, nani alikufundisha kuweka yai hivi?"

"Kitunguu saumu kinapandwa ncha juu," alijibu Hermani. "Na ukikisogeza kinakufa."

Rogathe aliuma midomo asicheke. Marieta hakuwa na hamu ya kucheka.

"Kitunguu hakina goti, baba," alisema Rogathe. "Tetea akiatamia, anageuza mayai kwa mdomo na miguu mara nyingi kwa siku. Mtoto akilala upande mmoja tu, anashikana na utando. Akishikana, hawezi kujinyoosha."

"Asipojinyoosha kuna ubaya gani?"

"Ubaya mkubwa. Humo ndani kifaranga anapiga mateke. Mwanzoni mifupa yake ni laini. Akirusha miguu, ile kuvutana ndiyo inatengeneza goti likawa goti. Asiporusha, viungo vinakakamaa au vinapinda. Mama, wewe ulipokuwa na mimba hukupigwa mateke?"

"Nilipigwa sana," alisema Marieta.

"Basi naye mtoto alikuwa anajitengeneza viungo."

Rogathe alilaza mayai ubavu, bila kuyakaza. Akayachora kwa penseli: msalaba upande mmoja, duara upande wa pili. "Geuzeni mara tano kwa siku, kwa mikono safi. Wekeni bakuli la maji humo, utando usikauke. Ikifika siku ya kumi na nane, acheni kugeuza. Kifaranga anajiweka sawa kwa kutoka."

Marieta aligeuza. Akienda kisimani, aligeuza Hermani, huku ananung'unika kwamba siku hizi yai lina masharti kuliko mkwe.

Siku ya ishirini na moja ganda moja lilitoboka. Kifaranga alisukuma, akapumzika, akasukuma. Saa zikapita. Hermani akashindwa kuvumilia.

"Anateseka! Ngoja nimmenye."

"Hermani!" Marieta alimshika mkono. Kumwita mumewe kwa jina ni jambo ambalo halifanyi kamwe. "Umemenya vitunguu maisha yako yote. Huyu mwache asukume. Hapo ndipo anapata nguvu ya shingo na miguu."

Hermani akakaa chini, amenuna, mikono kaikalia.

Mchana ganda likafunguka. Kifaranga alilala amelowa, akayumba, akaanguka, akainuka. Miguu ilikuwa imenyooka. Kufikia kesho yake walikuwa kumi na mmoja, na wote walisimama.

"Mama Letisia," alisema Hermani polepole, "wale wa kwanza niliwaua mimi."

Marieta alitaka kumjibu vikali, na maneno alikuwa nayo tele. Lakini alimpakata kifaranga mmoja mikononi, akalia. Kuku wa mama yake walikuwa wamerudi nyumbani.