Mdhamini wa Pili

Saa 3:00 asubuhi

Chumba cha nyuma cha kinyozi kilinuka spiriti. Watu watatu. Kinyozi mwenyewe, mwenye mpango. Dereva, mwenye gari. Na Kufuli, fundi wa funguo, ambaye hakuna mlango uliowahi kumwambia hapana.

Kinyozi alichora kwa kipande cha sabuni juu ya kioo cha zamani. Duka la sonara. Uchochoro wa nyuma. Mlango wa chuma, kufuli mbili. Sonara hufunga saa sita na nusu kwenda kula, hurudi saa saba na robo. Kufuli ataingia peke yake, atatoka na mkoba mmoja. Dereva atamsubiri mdomoni mwa uchochoro. Kinyozi atabaki kibandani akinyoa, ili akiulizwa alikuwa wapi awe na vichwa vya kumtolea ushahidi.

Kisha akaingia kwenye lile ambalo magenge mengi hayapendi kulisema. Ukidakwa. Alilieleza taratibu, kama mtu aliyewahi kupita huko. Watakuvua mkanda na kamba za viatu. Watachukua simu. Utaandikwa kwenye daftari, utapakwa wino vidole vyote kumi, utapigwa picha uso na ubavu. Maelezo usitoe mpaka umpate wakili. Kesho yake mahakamani. Hakimu akikubali dhamana atataka wadhamini wawili, wenye vitambulisho na barua.

"Wadhamini niachieni mimi," Kinyozi alisema. "Hapa hatuachani."

Kufuli aliamini. Alikuwa na nani mwingine wa kumwamini? Alilala chumba kimoja na redio mbovu. Watu walimkumbuka wakipoteza funguo, wakizipata walimsahau. Genge hili ndilo lilikuwa ukoo wake.

Dereva hakuuliza swali hata moja.

Saa 6:38 mchana

Kufuli ya kwanza, pumzi tatu. Ya pili ilimtoa jasho. Ndani, kimya. Kabati la kioo. Droo mbili. Mikufu ilishuka mkobani kama nyoka wadogo. Hakugusa kisichohitajika. Hakuharakisha.

Saa 6:51 mchana

Alitoka. Mdomo wa uchochoro ulikuwa mtupu.

Hakuna gari. Wala moshi wa gari.

Askari wanne walimjia, wawili kila upande, wakitembea bila haraka, kama watu waliokuja kuchukua mzigo waliouagiza.

"Weka chini, fundi," mmoja alisema.

Walijua hata kazi yake.

Saa 8:15 mchana

Kituoni mambo yalikwenda vilevile kama alivyoambiwa. Mkanda. Kamba. Simu. Askari wa kaunta, mama mtu mzima mwenye miwani, aliandika kila kitu kwa mwandiko wa shule: saa moja ya mkononi, leso moja, funguo saba. Akamuuliza ndugu wa kuarifiwa.

Kufuli alifikiri mpaka kalamu ikagonga daftari mara mbili.

"Hakuna, mama."

"Kila mtu ana mtu," mama alisema. Akauacha mstari wazi.

Wakampaka wino. Kidole kwa kidole. Alikuwa akijifuta kwa gazeti kuukuu pale mlango wa upelelezi ulipofunguka na Dereva akatoka. Mkanda kiunoni. Kamba zimefungwa. Vidole safi, havijaona wino. Mpelelezi alimpiga begani, akamwambia kesho asichelewe.

Macho yao yakakutana. Dereva ndiye aliyeinamisha ya kwake.

Saa 10:30 jioni

Mbele ya mpelelezi Kufuli alisema alichofundishwa: maelezo mpaka wakili. Mpelelezi hakubishana. Alikunywa maji, akaacha kimya kifanye kazi. Kikafanya. Kufuli akauliza itakuwaje akimtaja mwenye mpango.

"Kinyozi? Tulimbeba saa saba, mkasi mkononi, mteja kanyolewa nusu." Mpelelezi akafunga jalada. "Huna cha kuniuzia, fundi. Mwenzako aliwahi."

Kwa hiyo wadhamini walikuwa wameondoka na Kinyozi. Hata usaliti wa Kufuli ulikosa mnunuzi.

Wakamruhusu apige simu moja. Kichwani alikuwa na namba moja tu, ya mtalaka wake, fundi cherehani. Miaka sita hawajaongea. Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho, sauti ya cherehani ikiwa imekoma nyuma yake. Aliuliza kama amepigwa. Akauliza mahakama ipi. Hakusema atakuja, hakusema haji.

Kesho yake, saa 4:20 asubuhi

Hakimu alitamka dhamana iko wazi. Wadhamini wawili. Mwanamke mmoja akasimama kwenye benchi la nyuma, karatasi zake ndani ya mfuko wa nailoni. Hakimu akamuuliza uhusiano wake na mshtakiwa.

"Nilikuwa mkewe."

Watu wakanong'ona. Karatasi zikakubaliwa.

"Mdhamini wa pili?"

Karani aliita. Akaita tena. Kufuli aligeuka, akatazama benchi moja baada ya jingine. Miaka arobaini na moja ya umri. Milango ya mtaa mzima aliifungua, na hakuna aliyetoka humo akaja hapa.

Akarudishwa mahabusu. Kwenye korido askari aliwapa dakika moja.

"Wa pili ni nani?" mwanamke aliuliza.

"Sina."

Mvi zilikuwa zimemuota mwanamke pembeni mwa kichwa, Kufuli hakuwa akizijua.

"Kwa nini umekuja?"

"Uliita," alisema. "Nitaulizia watu. Sikuahidi kitu."

Saa 6:05 mchana

Karandinga lilijaa. Kufuli alifungwa pingu moja na mgeni mwenye kikohozi. Kupitia wavu walimwona mwanamke amesimama juani, mfuko wa nailoni kifuani, akiwauliza wapitaji jambo fulani, mmoja mmoja. Walitikisa vichwa, wakapita.

"Yule ni wa kwenu?" mgeni aliuliza. "Mko wangapi kwenu?"

Gari likaanza kusogea. Kufuli aliendelea kumtazama mpaka kona ikamficha.

"Mmoja," alisema.