Kimya cha Rayfield

Odessa Pruitt alikuwa kwenye foleni ya samaki, sokoni Pittsburgh, koti lake la manjano amelifunga hadi kidevuni, alipoona watu wakimpisha jibaba la miraba minne lililokuwa nyuma yake. Alikuwa Rayfield Gaskins, beki wa mpira wa Kimarekani, ambaye mji mzima ulimpenda kwa jinsi alivyowabwaga chini wapinzani. Odessa hakumjua.

"Foleni, kaka," alimwambia.

"Naiona, dada. Wala sina haraka tena."

Odessa akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Muda si mrefu Rayfield akawa anakuja kanisani kumsikiliza akiongoza kwaya, suti imembana mabega. Alimwita Odessa "mwalimu", kama wanakwaya walivyomwita. Kila alipokuwa safarini na timu alimpigia simu, wakataniana mpaka mmoja asinzie.

Kisha, katika mechi moja ya Desemba, Rayfield aligongana kichwa kwa kichwa na mpinzani. Odessa alimwona kwenye televisheni akiinuliwa na kutolewa uwanjani. Alipiga simu, haikupokelewa. Baadaye ukaja ujumbe mfupi: yuko salama, asiende kumwona. Wiki zikapita kimya. Odessa akaamini amechokwa, kwamba staa yule amepata wa hadhi yake. Alilia, halafu akakasirika.

Mama yake Rayfield ndiye aliyempigia, akitaka kujua wamegombania nini. Odessa akamjibu kwamba hata yeye hajui. Jumapili hiyo, alipotoka kanisani, akaenda moja kwa moja kwa Rayfield, joho la kwaya bado mwilini.

Alimkuta sebuleni, mapazia yamefungwa kwa sababu mwanga ulimuumiza macho. Amekonda.

"Daktari aliniuliza ampigie nani," Rayfield alisema. "Uso wako niliuona kabisa. Jina lako halikunijia. Nililitafuta usiku kucha, Odessa."

"Ndiyo ukanifungia mlango?"

"Niliona aibu. Mwanamume gani anasahau jina la mpenzi wake?"

"Mgonjwa," Odessa alijibu. "Nami nilidhani umenichoka."

"Nikuchoke wewe? Nani mwingine atanigombeza?"

Akamweleza kwamba ameshawaaga makocha, hachezi tena. Alichoogopa ni kwamba, bila jezi, Odessa hatamwona kuwa mtu.

"Sina kazi, kichwa kinaniuma, nakaa gizani," alisema. "Utakubali nikuoe?"

"Ulipokuwa na kazi mbona hukuniuliza?"

"Nilikuwa mjinga."

"Haya, nimekubali. Ila kwanza utakula."

Alipasha moto mboga na mkate wa mahindi alioacha mama mkwe mtarajiwa, wakala wakiwa bega kwa bega. Kisha Rayfield akalaza kichwa mapajani mwa Odessa. Timu ilikuwa uwanjani alasiri hiyo. Kelele za mashabiki zilipenya kutoka baa ya jirani, zikapanda, zikashuka, zikapanda tena. Rayfield alikuwa amelala fofofo, na Odessa alimfunika sikio kwa kiganja chake.