Mume Aliyekataa Kumaliza Mchezo

Mchana wenyewe ulikuwa wa kawaida tu. Jirani yangu mmoja, fundi cherehani, alikuwa sebuleni anapinda gauni la mteja. Mumewe amelala kitandani palepale, mbele ya televisheni, maana tangu adondoke akiezeka mabati, miguu ilikuwa haimtii tena. Alichobakiwa nacho ni vidole, na vidole vilikuwa vya gemu.

Gemu yenyewe moja tu. Mtu anatembea barabarani, amekupa mgongo, mpaka langoni. Mume akimfikisha pale, anaanza upya. Kila siku hivyohivyo.

"Wewe ungekuwa fundi cherehani, watu wangevaa mashati yasiyo na mikono," mke alimtania. Yeye mwenyewe alikuwa hajui kulaza kazi. Akianza kitu, lazima akimalize.

Mume hakucheka. "Mke wangu, kuna siku huyu mtu wa gemu aligeuka. Ana sura yangu. Tafadhali, usije ukamwingiza langoni."

"Makubwa! Homa hiyo."

Mgonjwa akapitiwa na usingizi, pedi ya kuchezea gemu ikamponyoka mkononi. Mtu wa gemu amesimama langoni. Bado hatua moja tu! Mke akaona amfanyie hisani, aamke akute ameshinda, pengine moyo utamchangamka. Akabonyeza.

Yule mtu akageuka. Lahaula! Mumewe mwenyewe, analia, anatikisa kichwa. Akaingia. Lango likajifunga. Maandishi yakatokea: *Umemaliza*.

Akatazama kitandani. Kifua hakipandi. Akamtikisa. "Mume wangu! Mume wangu wee!" Akatega sikio mdomoni. Hakuna pumzi.

Akaikwapua pedi, akabonyeza *Anza upya*. Barabara ikaja. Tupu. Akabonyeza tena. Tupu. "Mrudishe," alinong'ona. "Nakuomba, mrudishe, sitamaliza tena kitu chochote." Akabonyeza mpaka dole gumba likachubuka. Majirani walimkuta hivyo, maiti imeshaanza kupoa, ikabidi wambandue vidole kimoja kimoja.

Wakazika. Mama mkwe akauchomoa waya wa televisheni, akaufungia kabatini, ufunguo akakaa nao mwenyewe. Alidhani amemaliza mambo.

Kesho yake asubuhi alimkuta mkwewe amepiga magoti mbele ya kioo cheusi cha televisheni, anasugua kwa kitambaa cha sabuni, machozi yanamchuruzika.

"Mama, hebu jaribu wewe," alinong'ona. "Mimi imenishinda."

Ilikuwa alama ya kiganja. Mama mkwe akasugua. Akakwangua kwa ukucha. Ukucha ukateleza tu. Alama ilikuwa upande wa ndani.

"Mwanangu, tuondoke humu."

Mke hakusikia. Alikuwa ameweka kiganja chake juu ya kile cha ndani, na kioo kilikuwa na joto, pale tu. Kando ya vidole, kwa ndani, pakatanda ukungu mdogo, wa pumzi ya mtu. Ukafutika. Ukatanda tena.