Pikapu Iliyotapika Oili

Pikapu ya mzee Anania ilikuwa inamaliza oili, na hakuna aliyejua oili inakwenda wapi. Ikiwaka ilitoa moshi wa bluu. Ikisimama ilidondosha matone meusi. Fundi alikwisha kuifungua mara mbili, akalipwa mara mbili, na hali ikabaki ileile.

Kazi ya Eveline kila asubuhi ilikuwa kupima oili. Alikuwa darasa la sita. Nyumba yao ya Mjimwema ilikuwa kwenye mteremko, na tangu betri ichoke mwezi wa tano, baba yake alikuwa akiilaza pikapu uani ikiwa imeelekea bondeni, jiwe mbele ya kila gurudumu. Kwa baridi ya Njombe, betri mbovu haiwashi gari. Lakini ukiondoa mawe, gari linateremka lenyewe na injini inawaka. Wengi mtaani walifanya hivyo.

Eveline alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena.

"Baba, iko chini ya alama ya chini."

"Tena? Juzi tu tumeongeza!"

"Iko chini, baba."

Mzee Anania alileta dumu akamimina mpaka kijiti kikaonyesha imejaa. Elieza, kaka yake Eveline, alikuwa ameshika jiwe akisubiri kuambiwa aliondoe.

"Hii pikapu inakunywa kuliko wazee wa kilabuni," alisema.

"Funga mdomo, ondoa jiwe," baba alijibu.

Jioni hiyo fundi Vitus alifika.

"Kamwene, mzee."

"Sema, fundi. Mimi salamu zimeniishia."

Vitus alichuchumaa, akatazama matone chini ya injini. "Mara ya kwanza niliona oili juu, nikabadili gasketi. Mara ya pili niliona nyuma, nikabadili sili, ule mpira wa kuzuia oili isivuje. Sasa huu moshi wa bluu maana yake oili inaungua ndani. Nadhani ringi za pistoni zimekwisha. Tushushe injini."

"Tushushe injini," mzee Anania alirudia, kama mtu aliyeambiwa auze nyumba.

Kwao hakukuwa na fedha nyingine isipokuwa shamba la misindano. Misindano mia na ishirini ilikwisha kukatwa kulipia kazi ya gasketi na sili. Iliuzwa kama mirunda, ile miti myembamba ya kujengea, kwa sababu ilikuwa bado haijafikia kupasua mbao. Sasa mnunuzi angekuja Jumamosi kuchukua shamba lote lililobaki.

"Ile ni ada ya Eveline," mama yao, Lucia, alisema. "Ikiachwa miaka minne inakuwa mbao."

"Na viazi vitakwenda sokoni kwa miguu yake?"

Eveline aliingia ndani, lakini hakula.

Ijumaa shule ilikuwa imefungwa, akaenda na baba yake kupeleka viazi Makambako. Njiani pikapu ilifuka moshi mpaka madereva wa nyuma wakapiga honi. Baba alitukana kimoyomoyo safari nzima, midomo ikicheza.

Makambako ni tambarare. Walisimama sokoni, upepo ukivuma, wapagazi wakashusha magunia. Baba alipokwenda kumtafuta mnunuzi wa viazi, Eveline alibaki na hasira zake. Akafungua boneti, akapima oili kwa kuwa hakuwa na la kufanya.

Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa vidole viwili.

Alikifuta kijiti, akapima tena. Ikawa vilevile. Alipomwona baba yake anarudi, alimkimbilia.

"Baba, njoo uone. Oili imezidi!"

"Asubuhi ilikuwa pungufu, sasa imezidi? Nani kaongeza, upepo?"

Wapagazi walicheka. "Fundi huyo, mzee!" mmoja alisema. "Mpe spana!"

"Injini ya moto hiyo," baba alisema. "Funga boneti, acha kuchezea gari."

Eveline alifunga. Machozi yalimlenga, akayafuta kwa kiganja chenye oili, akabaki na doa usoni mpaka Njombe.

Jumamosi asubuhi alipima tena uani. Kijiti kilionyesha pungufu. Baba alichukua dumu, lakini Eveline akaweka mkono kwenye tundu la kujazia.

"Samahani, baba. Usimimine."

"Toa mkono."

"Tazama beseni kwanza."

Beseni la maji ya kufulia lilikuwa hapo uani. Kwa ule mteremko, maji yalikuwa yamejaa upande wa bondeni, na upande wa mlimani yalifunika kitako tu.

"Injini yetu imeinama hivi hivi," Eveline alisema. "Oili yote imekwenda mbele. Kijiti kinaingilia nyuma, upande wenye oili kidogo. Zamani, kabla betri haijachoka, pikapu ilipolala mbele ya duka la jirani, pale palipo sawa, haikuwa na moshi."

Mara mnunuzi wa miti akabisha hodi getini. Mzee Anania alitazama geti, akatazama beseni.

"Elieza, ondoa mawe. Hatuwashi."

Waliiachia pikapu ishuke taratibu, baba akikanyaga breki, mpaka mbele ya duka la jirani. Wakasubiri oili itulie. Injini ilikuwa baridi kama jiwe. Safari hii baba alipima mwenyewe, akafutia shati lake. Akapima tena. Oili ilikuwa imezidi, vidole viwili.

Aliinama kwenye boneti. Kisha akamwambia Elieza akamwite fundi.

Vitus alipunguza oili mpaka ikafika alama sahihi. Iliyotoka ilikuwa zaidi ya lita mbili.

"Oili ikizidi, injini inaichapa inakuwa povu," alisema. "Povu linatafuta pa kutokea. Nyingine inasukumwa kwenye sili, nyingine inaingia ndani inaungua."

"Kwa hiyo tunaijaza, inatapika," Eveline alisema. "Halafu tunaona imepungua, tunaijaza tena."

"Na wewe fundi hukuona?" baba aliuliza kwa ukali.

"Kila mara niliimwaga yote kabla ya kufungua. Sikupima, mzee. Wala sikuuliza gari linalala wapi."

Mnunuzi wa miti aliambiwa arudi baada ya miaka minne. Aliondoka akinung'unika.

Baada ya wiki moshi ulikwisha, na chini ya injini pakawa pakavu. Pikapu ilirudi kulala mbele ya duka. Asubuhi waliisukuma watatu, mama akiwa kwenye usukani.

Siku moja, wakihema baada ya kusukuma, mzee Anania alimgeukia binti yake.

"Kipimo kiliniambia mambo mawili, nikachagua nililolizoea. Hilo ni kosa. Vipimo viwili vikigombana, usitibu kitu mpaka ujue kwa nini. Na wewe ulisema ulichokiona, nikakukejeli mbele ya watu. Nawe Elieza, usije ukamfanyia mtu hivyo."

"Ndiyo, baba," walijibu.

Hasara yao ilikuwa hii. Gasketi moja na sili moja, zilizotolewa zikiwa nzima. Madumu matatu ya oili. Safari sita za Makambako ambazo hazikufanyika, na viazi vilivyochipua ghalani. Na misindano mia na ishirini, ambayo nusu yake tu ingetosha kununua betri mpya. Kisiki cha msindano hakichipui.