Mapazia Kabla ya Boti

Hamisa alishona mapazia ya boti kabla boti yenyewe haijanunuliwa. Yalikuwa mapazia manne, ya kitambaa cha bluu chenye maua madogo meupe. Aliyashonea barazani kwake, Mtoni, kwa cherehani ya miguu. Majirani walipita wakauliza ni madirisha gani hayo madogo namna hiyo. Hamisa alijibu bila kuinua kichwa, "Ya chombo." Alilipenda sana jibu hilo.

Chombo kilikuwa Kawe, uani kwa Mzee Ferdinand, kimepandishwa juu ya magogo. Ilikuwa boti ya faiba, ya injini, iliyopakwa rangi mpya, yenye chumba ndani. Chumbani mlikuwa na vitanda viwili, jiko dogo na meza ya kukunja. Mume wa Hamisa, Mzee Mwishehe, alikuwa amekwisha kubali kuinunua. Boti ingepelekwa Mto Rufiji, ichukue wageni wanaotaka kuona viboko na ndege. Mtoto wao Mbwana angeshika usukani, na Hamisa angepika.

Mbwana alikuwa mtoto wao wa pekee, na Hamisa hakujua kuogelea. Alijiambia kwamba boti kubwa kama ile haidai mtu ajue kuogelea.

"Lakini umeikagua vizuri, baba Mbwana?" alimuuliza mumewe siku moja.

Mwishehe aliweka kikombe chini. "Mimi nimeunda mashua miaka thelathini. Ndimi unayeniuliza hivyo?"

Ni kweli, aliikagua. Alimwaga ndoo tatu za maji ndani ya boti, akakaa chini yake na kahawa, akasubiri. Halikudondoka hata tone. Kisha akatoa kisu atafute maungio yanayohitaji kuzibwa kwa kalafati. Hakupata hata moja, kwa sababu boti ya faiba haina maungio ya mbao wala haipigwi kalafati. Mwishehe aliona hilo ni sifa, akashikana mikono na Ferdinand.

Nyumba ya jirani alipanga dada mmoja wa Bukoba, jina lake Kokushubila. Kazi yake ilikuwa kukagua boti zilizokwisha kutumika, za ziwani, mtoni na pwani. Wanunuzi walimwita kabla ya kununua. Asubuhi moja alileta gauni libadilishwe zipu, akayaona mapazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeyaona mambo yetu?"

"Nimeyaona, yamependeza. Na boti imekaguliwa na nani?"

"Na baba yenu."

Kokushubila hakucheka. "Aligonga pale nyuma, panapobeba injini?"

"Agonge ili iweje?"

"Boti nyingi za faiba zina ubao ndani. Faiba ni ganda tu. Maji yakipenya kwenye tundu la skrubu, ubao unaoza humo ndani, na nje kunang'aa. Mtu akipaka rangi mpya, ndiyo kabisa huoni kitu."

"Na ukioza?"

"Siku moja injini inang'oka. Ikiwa ni katikati ya mto, maji yanaingia kwa nyuma, na hamtapata muda mrefu."

Hamisa aliondoa mguu kwenye cherehani. Wale viboko aliokuwa akiwasimulia mtaa mzima, ghafla hakuwapenda tena.

Jioni alimweleza mumewe. Mwishehe akakataa katakata.

"Ferdinand ni rafiki yangu tangu ujana, na tumekwisha shikana mikono. Leo nimpelekee mkaguzi? Huko ni kumwita mwongo mbele ya watoto wake. Tena wahenga wamesema, ukiona vyaelea, vimeundwa."

"Hiki hakielei, baba Mbwana. Kiko juu ya magogo."

Mbwana, aliyekuwa akila kimya, alinawa mikono. "Mzee, mie ndo n'takaa na hiyo injini mgongoni kila siku. Naomba tu waigonge."

Mwishehe aliisukuma sahani pembeni.

Akampigia simu Ferdinand. Alianza na hali ya magoti, akahamia kwenye mvua, akauliza habari za kuku. Mwisho likamtoka: alitaka kumleta mkaguzi.

"Huniamini, Mwishehe?"

"Wewe nakuamini. Boti ndiyo sijaongea nayo."

"Njooni basi," Ferdinand alisema, kwa sauti ya mtu aliyeudhika.

Jumamosi walikwenda Kawe wanne, watatu wa nyumbani na Kokushubila. Ferdinand aliwapa viti, lakini chai haikuja. Hamisa aliliona hilo, likamchoma.

Kokushubila aliamkia, kisha akaweka kiganja juu ya injini. "Mzee wangu, injini imewashwa leo?"

"Nimeipasha moto isije ikaniaibisha."

"Ahsante, mzee. Ila tutaisubiri ipoe. Injini yenye matatizo huyaonyesha ikiwashwa baridi. Iliyokwisha pata moto inaweza kuyaficha."

Wakati injini inapoa, alitoa nyundo ndogo ya plastiki, akaanza kugonga ubavu wa boti, hatua kwa hatua. Ko, ko, ko. "Mlio mkavu kama huu ni mzuri," alimwambia Hamisa. Mwishehe alifuata nyuma, mikono mgongoni, kama bwana harusi aliyelazimishwa. Walizunguka mbele, wakapita ubavu wa pili, wakafika nyuma penye injini.

Bu. Bu.

Mwishehe alisimama. Masikio yake yalikuwa yamesikiliza mbao miaka thelathini. Aliomba nyundo, akagonga mwenyewe. Bu. Hakuhitaji kuambiwa.

"Naomba ruhusa ya mwenye mali nifungue skrubu moja," Kokushubila alisema. "Bila ruhusa yako sifungui."

Ferdinand aliitikia kwa kichwa. Skrubu ilitoka bila ubishi. Ilitoka na uji wa kahawia, wenye harufu ya tope. Kisha Kokushubila na Mbwana waliikandamiza injini kwa mikono, na ile rangi mpya ikafunguka ufa mwembamba mbele ya macho yao.

Hamisa alimshika Mbwana mkono kama mtoto mdogo. Mbwana hakuutoa.

Ferdinand alikaa juu ya gogo. "Krismasi nilipakia wajukuu humu. Sita. Nikaenda nao hadi kisiwani na kurudi."

"Hukujua, mzee wangu," Kokushubila alisema. "Ubao ukioza ndani haumwambii hata mwenye boti."

Mwishehe alimwekea rafiki yake mkono begani. Kisha Ferdinand akainua sauti kuelekea ndani, akamwita binti yake.

"Jenipher, wageni hawajanywa chai."

Chai ilikuja, na mihogo ya kukaanga. Injini ilipopoa iliwashwa, ikaitika mara ya kwanza. Kokushubila aliingia ndani, akatoka na neno kwa Hamisa.

"Mama, mtungi wa gesi hauruhusiwi kukaa chumbani. Gesi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka, inajikusanya kwenye ngama, kule tumboni kabisa mwa boti. Cheche moja inatosha. Mtungi ukae nje, na kila abiria awe na jaketi la kujiokoa linalomtosha."

Aliandika ripoti yenye picha, akampa Mwishehe. "Mimi nimeitwa na mnunuzi, kwa hiyo ripoti ni yako. Si leseni. Leseni ya kubeba abiria mtaiomba serikalini. Na fundi mtafuteni nyinyi."

"Kwa nini usitengeneze wewe?" Mbwana aliuliza.

"Nikikagua na kutengeneza, nitaanza kuona magonjwa hata yasipokuwepo. Nitarudi kuangalia kazi, ila niiteni kabla haijapakwa rangi."

Ferdinand alitangaza hauzi tena mpaka boti ipone. Fundi wa faiba aliikata sehemu ya nyuma na kutoa uozo wote. Ubao mpya aliuchagua na kuukata Mwishehe mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi aliyoizoea. Alipiga randa akiimba, na Ferdinand akashika upande wa pili. Kokushubila alirudi, akagonga kila mahali. Ndipo rangi ikapakwa. Boti ikashushwa majini, ikaendeshwa saa nzima, ngama ikafunguliwa ikakutwa kavu. Hapo wazee wakashikana mikono mara ya pili, boti ikawa ya Mwishehe.

Leseni ilipotoka, safari ya kwanza Rufiji haikuwa ya watalii. Walialikwa Ferdinand na wajukuu wake. Madirishani yalining'inia mapazia ya bluu. Hamisa alivaa jaketi lake tangu nchi kavu, akafunga mikanda yote, kisha akachagua kiti cha nyuma kabisa, karibu na injini. Mbwana aligeuka kutoka usukanini akamwona pale. Akatabasamu, akaendelea na kazi.

Waliona viboko. Kwa mbali, Hamisa alikiri, ni wanyama wazuri. Walikula wali wa samaki uliopikwa kwa gesi iliyokaa mahali pake.

Alasiri boti ilirudi gatini. Ferdinand alitangulia kushuka, akasimama kwenye ngazi akamshika kila mtoto mkono, akihesabu polepole. Mmoja, wawili, hadi wa mwisho.

"Wote sita," alimwambia Mwishehe, na macho yake yalikuwa yamelowa.

Mwishehe alitoa mfukoni nyundo yake ndogo ya plastiki, aliyojinunulia kimyakimya, akaigonga boti nyuma mara moja.

Ko.