Upepo wa Magurudumu ya Mbele

Kila asubuhi, uji ukiwa bado wa moto, Ndindi alitoka nje kulizunguka gari la baba yake. Lilikuwa Pijo kuukuu la teksi, lenye mstari wa manjano ubavuni, na liliegeshwa mbele ya nyumba yao mtaani Dandora. Aliyabonyeza magurudumu kwa kidole gumba, kisha akayapima kwa geji, kile kipimo kidogo cha upepo. Zamani kazi hiyo waliifanya wawili. Sasa Ndindi aliifanya peke yake, kwa sababu Baba alifariki kwa homa ya mapafu wakati wa mvua za masika, na tangu hapo teksi haikubeba abiria tena.

"Gari hutii kwa miguu ya mbele," Baba alizoea kumwambia. "Upepo wa mbele ukipungua, unazungusha usukani na gari bado linafikiri. Upepo ukiwa sawasawa, unaligusa tu, linakata kona. Abiria hana habari, lakini uhai wake umo humo."

Siku moja Mama alimwita jikoni. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka kwa sabuni, maana siku hizi aliwafulia watu nguo huko Donholm.

"Nitaliuza gari, mwanangu," alisema. "Ninunue cherehani, nishone sare za shule hapa nyumbani. Nikishona, mtasoma. Mikono hii haiwezi kufua mpaka wewe na mdogo wako Mativo mmalize shule."

Ndindi alikwenda akaketi kwenye kiti cha dereva, akaegemeza shavu lake kwenye usukani. Mle ndani bado mlikuwa na harufu ya machungwa ambayo Baba alipenda kula njiani. Alilia mpaka kifua kikamwuma. Aliona kwamba gari likienda, Baba atakuwa amekufa mara ya pili.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa Bwana Mbuthia, mwuza mitumba wa soko la Gikomba, mtu mnene asiyeishiwa na mzaha. Kabla hajafika, Ndindi alichukua kijiti akatoa upepo katika magurudumu ya mbele, kiasi ambacho jicho la mgeni lisingekigundua. Bwana Mbuthia alilizungusha gari mtaani, akarudi akitikisa kichwa.

"Mama, gari lako lina kiburi! Nazungusha usukani leo, lenyewe linageuka kesho. Acha niendelee na mkokoteni wangu."

Majirani waliangua kicheko. Mama hakucheka. Jioni Ndindi alilijaza upepo kwa pampu ya mguu, polepole, asisikike. Kwa hiyo Baba Khavere, jirani yao aliyekuwa fundi wa magari na rafiki ya Baba, alipokuja kulijaribu, gari lilimtii bila tatizo. Aliingia chini ya gari, akavishika viungo vya usukani kimoja kimoja na kuvitikisa.

"Shemeji, mimi sioni ugonjwa," alimwambia Mama. "Kwangu linageuka. Kwa nini limkatae mnunuzi?"

Mama alilitazama gari kwa muda mrefu, kana kwamba mumewe Makau yumo ndani.

Mnunuzi wa pili alikuwa mwalimu mmoja. Ndindi alitoa upepo tena, na safari hii alitoa mwingi zaidi, kwa kuwa fundi alikuwa amelisifu gari mbele ya watu wote. Mativo, mdogo wake, alikuwa akichezea gari lake la waya kwenye kona, karibu na bomba la maji. Mwalimu alifika pale, akazungusha usukani. Pijo halikukata kona. Lilijivuta likaenda mbele, moja kwa moja kuelekea bombani.

"Mativo!" Mama alipiga ukemi.

Mtoto aliruka akaangukia mtaroni. Gari liliyaangusha madebe ya maji, likakanyaga lile gari la waya, likasimama. Mativo alitoka mtaroni analia, magoti yanavuja damu. Mwalimu aliomba radhi, akaenda zake kwa miguu.

Mama alimbeba Mativo, akasimama mbele ya Pijo na kuweka kiganja juu ya boneti.

"Makau," alisema, kama anayezungumza na mtu aliye hai. "Kama hutaki gari lako liuzwe, ungenionyesha mimi. Mwanao amekukosea nini? Hata mwanao umgonge?"

Ndindi alimkimbilia Mama, akamshika mkono.

"Si Baba, Mama!" alilia. "Usimwambie hivyo! Ni mimi. Nilitoa upepo wa mbele, siku ile na leo. Sikutaka liende."

Alingoja kofi. Mama hakumpiga. Aliketi pale pale mavumbini, akajifunika uso kwa leso.

"Nimemkasirikia mume wangu bure," alisema. "Nimemlaumu, naye hawezi hata kujitetea."

Maneno hayo yalimchoma Ndindi kuliko fimbo yoyote.

Baba Khavere, aliyekuwa amekuja mbio aliposikia ukemi, alimgeukia Ndindi. "Lete pampu. Ujaze mwenyewe, upime mwenyewe. Kisha nitamwita Mbuthia, na wewe ndiwe utakayemweleza."

Jumamosi Bwana Mbuthia alirudi. Ndindi alimweleza yote macho yakiwa chini. Yule mcheshi alikosa mzaha. Alilizungusha gari mtaani, akarudi akasema, "Nimeligusa tu, likageuka." Akapatana bei na Mama, akalipa.

Ndindi alimnyooshea geji. "Baba alipima magurudumu kila asubuhi," alisema. "Hasa ya mbele."

"Nitapima, binti yangu. Nakuahidi."

Pijo liliondoka. Ndindi alitamani likifika bombani lichelewe kidogo tu, apate kuuona ule mstari wa manjano mara ya mwisho. Halikuchelewa. Lilikata kona papo hapo, likatoweka.

Alilia kwa sauti, na Mama akamvuta kifuani.

"Lia, mwanangu. Hata mimi nalia," alisema. "Lakini umeona lilivyogeuka? Hayo ni mafundisho ya baba yako, na mkono ni wako. Ulipodanganya, ulitaka kumweka Baba karibu, ukamfanya mbaya machoni pangu na nusura umwue mdogo wako. Uliposema kweli, ulimrudishia jina lake. Aliyefariki hatumshiki kwa uongo. Tunamshika kwa kufanya vizuri kile alichotufundisha."

Mativo alikuja, magoti yamefungwa vitambaa, ameshika gari lake la waya lililopondeka.

"Dada, hili nalo halikati kona."

Ndindi alipangusa macho, akalipokea, akaanza kuyanyoosha magurudumu ya mbele.